Jinsi ya kuizuru Nyumba ya Kiswahili mjini Lamu na kuielewa

Wageni wengi wa Lamu hupiga picha mbele ya ngome, hula samaki kando ya gati, hupanda mashua hadi kijiji cha Shela, kisha huondoka. Nyumba ya Kiswahili iliyohifadhiwa kuwa makumbusho, huko ndani ya mitaa ya Mkomani, wengi huiruka, au huiingia mbio wakatoka kabla macho hayajazoea kiza. Hiyo ni hasara kubwa. Ni nyumba ya mawe ya karne ya 18, iliyokarabatiwa na kutunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ndipo mahali rahisi kuliko pote kwa mgeni kuingia hadi chumba cha ndani kabisa cha nyumba ya waungwana bila kumsumbua mwenye nyumba, kwa sababu nyumba nyingine za aina yake mjini bado zina watu, au zimegeuzwa nyumba za wageni.

Ni nyumba ndogo, na asiyejua mpangilio wake ataona vyumba virefu vyembamba vilivyofuatana, basi. Anayeujua mpangilio ataona namna familia ilivyopanga heshima, faragha, arusi na maziko ndani ya kuta nne. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni juu ya mpangilio huo. Mambo ya safari tutayamaliza haraka.

Kufika

Kwa ndege unashukia Manda, kisiwa cha jirani, kisha unavuka kwa boti hadi gati la Lamu. Ni mwendo wa dakika chache tu. Kwa basi kutoka Mombasa unapitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, na hapo unapanda boti. Boti ya kasi ni ghali kidogo na inafika upesi. Boti ya kawaida ni ya bei nafuu lakini husubiri ijae. Njiani kuna vizuizi vingi vya polisi, kwa hiyo weka kitambulisho au pasipoti mfukoni, usiitie ndani ya begi lililofungwa kwenye buti. Watu huchelewesha basi zima kwa jambo hilo moja.

Maji ya Lamu hupwa na kujaa sana, hasa siku za bamvua. Yakiwa yamepwa, ngazi za gati huwa zimefunikwa na mwani unaoteleza. Shuka kwa upande, shika kamba au mkono wa baharia, na usivae viatu vya soli laini.

Siku na saa

Nenda asubuhi, na ukiweza uwe mlangoni kati ya saa nne na saa sita. Sababu iko kwenye nyumba yenyewe: kuta za nje hazina madirisha makubwa, na mwanga wote wa vyumba huingia kupitia kiwanda, yaani ua wa katikati usio na paa. Kuta za kiwanda ni ndefu. Jua la saa mbili halifiki chini, na la saa kumi limeshapita. Linapokuwa juu, mwanga hugonga sakafu na kuta za kiwanda zilizopakwa chokaa, ukarudi ndani hadi kwenye nakshi. Siku ya mawingu mazito vyumba vya nyuma havionekani vizuri hata kwa anayevijua.

Ijumaa adhuhuri epuka. Mji wote huelekea msikitini, maduka hufungwa, na huenda ukamkosa mhudumu mlangoni. Wakati wa Ramadhani fika mapema zaidi. Mfunguo Sita, mji unapojaa kwa Maulidi ya msikiti wa Riyadha, ni wakati mzuri mno wa kuwa Lamu lakini mbaya kwa nyumba hii, maana vyumba ni vyembamba na watu wanane tu wanatosha kuujaza msana, yaani chumba kirefu cha ndani. Ukikuta kundi la wanafunzi ndani, kaa barazani usubiri watoke. Hawakai sana.

Tiketi

Bei hutofautiana kwa raia wa Kenya, mkazi wa Afrika Mashariki na mgeni wa kutoka mbali, na watoto hulipa kidogo kuliko watu wazima. Mtanzania au Mganda asiye na hati yoyote mkononi anaweza kutozwa bei ya mgeni wa mbali, na kubishana dirishani hakusaidii kitu. Malipo ya makumbusho za serikali siku hizi hufanyika kwa simu kupitia mfumo wa eCitizen, kwa hiyo hakikisha simu ina chaji na salio kabla ya kuondoka ulikolala. Kabla ya kulipa, uliza kama tiketi moja inakuingiza pia kwenye Makumbusho ya Lamu yaliyo mbele ya pwani, ngomeni na kwenye posta ya zamani ya Wajerumani. Ukishalipia moja moja hurudishiwi.

Ukiwa na muda, anza na hayo Makumbusho ya pwani. Utaona vyombo, mavazi na fanicha vikiwa na maelezo, na majina yake yatakukaa kichwani. Ukifika kwenye nyumba utavikuta vitu vya namna ile ile mahali pake pa kazi.

Njia ya kwenda

Kutoka gatini ingia Usita wa Mui, njia kuu iliyo sambamba na pwani, halafu ukate kuingia vichochoroni upande wa Mkomani, ukipanda kidogo. Ramani ya simu hupotea humu, kwa kuwa kuta ni ndefu na vichochoro vingine vina upana wa mtu mmoja na punda. Ni rahisi zaidi kuuliza. Sema "Nyumba ya makumbusho", uongeze "si ngomeni", maana mgeni akitaja makumbusho tu mara nyingi huelekezwa ngomeni au pwani. Salamu kwanza, swali baadaye. Mtu wa Lamu aliyesalimiwa vizuri huenda akakusindikiza mpaka mlangoni.

Vijana wanaojitolea kukuongoza wapo, na wapo wanaoijua kazi. Patana naye bei kabla hamjaanza, na mwulize kama bei hiyo ni ya kukufikisha tu au ni ya kukueleza pia. Ndani ya nyumba, anayefaa zaidi kukueleza ni mhudumu wa makumbusho. Mpe nafasi hiyo.

Ukisikia "Simile!" nyuma yako, usisimame katikati kuangalia. Jibanze ukutani mara moja, punda aliyebeba mawe au mchanga apite. Mzigo wake umetokeza pande zote mbili na unaumiza.

Mavazi ni yale yanayofaa mji wa Kiislamu wenye watu majumbani: mabega na magoti yafunikwe, kwa mwanamume na mwanamke. Majirani wa nyumba hii wanaishi humo. Mlango ulio wazi si mwaliko wa kuchungulia.

Mlangoni: daka

Usiingie bado. Kaa kwanza kwenye baraza za daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni: ni vile viti vya mawe vilivyo kushoto na kulia mwa mlango. Hapa ndipo mwenye nyumba alipopokea watu wasio na haja ya kuingia: mdai, mjumbe, mfanyabiashara. Mtu angeweza kuja mara nyingi kwa shughuli zake asivuke hapa. Ukishakaa, tazama mlango wa mbao wa mbawa mbili na mfaa, ule mti wa katikati unaofunika mwanya mbawa zikifungwa. Nakshi za milango ya Lamu ya zamani kwa kawaida ni za kina kifupi na za utulivu kuliko zile za milango mikubwa ya Unguja ya karne ya 19. Aliyezoea Mji Mkongwe aichukue tofauti hiyo kama alivyoikuta, asitafute miba ya shaba.

Sasa piga hodi na uingie. Utapita tekani, kijisebule cha kuingilia, na utagundua kwamba huoni moja kwa moja hadi ndani. Njia inapinda. Hakuna aliyesimama mlangoni aliyeweza kuwaona wanawake wa nyumba.

Kiwanda na misana

Ukitoka tekani unatokea kiwandani. Simama katikati, uangalie juu, kisha uangalie vyumba. Utaona vinafuatana kwa kwenda nyuma, kila kimoja kikiwa sambamba na chenzake, na sakafu ikipanda kidogo kila unapoingia kingine. Mpangilio ni huu: kiwanda, msana wa tini (wa chini), msana wa yuu (wa juu), ndani, na nyuma kabisa nyumba ya kati. Kadiri unavyopanda ndivyo faragha inavyozidi. Mgeni wa kiume alipewa sabule, chumba cha kando kilichotengwa na maisha ya familia, na hakuwa na sababu ya kufika huku.

Ingia msana wa tini na ukae hapo dakika tano bila kuwasha tochi ya simu. Jambo linaloharibu ziara nyingi ni hili: mtu anatoka kwenye jua kali, macho hayaoni, anawasha tochi, na tochi inafuta kivuli chote cha nakshi. Subiri tu. Macho yakizoea, dari huanza kujitokeza.

Dari ndiyo inayoeleza kwa nini vyumba viko hivi. Boriti ni miti ya mikoko, na urefu wake unaofaa kubeba sakafu nzito hauzidi sana mita 3. Kwa hiyo chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti, ila kinaweza kurefushwa kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Pima kwa hatua zako: upana hatua tatu au nne, urefu mara mbili au tatu ya hapo. Juu ya boriti hulazwa vipande vya mawe ya matumbawe, halafu saruji nene ya chokaa. Kuta zina unene wa nusu mita hivi, na ndizo zinazokupa ubaridi unaousikia ukiweka kiganja karibu na ukuta.

Karibu, si juu yake. Tutarudi hapo.

Kwenye miisho ya misana ndiko kulikokuwa na vitanda, vikitengwa kwa pazia. Chumba kimoja kwa hiyo kilikuwa sebule katikati na vyumba vya kulala pembeni, na usiku familia nzima ilikuwa ndani ya msana mmoja bila kuonana. Mwombe mhudumu akuoneshe vitanda kwa majina yake, na kiti cha enzi, kile cha mpingo chenye kamba zilizosukwa na vipande vya pembe vilivyochomekwa. Kiti hicho ni cha heshima na cha kutazamwa tu. Kamba zake za zamani hukatika kwa uzito wa mtu mmoja, na mafundi wanaojua kuzisuka upya ni wachache.

Zidaka

Ukuta wa zidaka ndio utakaokutoa pumzi. Ni vijishubaka vya lipu ya chokaa, safu juu ya safu, kila kimoja na fremu yake ya nakshi. Vyombo vya kaure kutoka Uchina, vilivyoletwa kwa biashara ya bahari ya Hindi, vilipangwa humo, pamoja na vitabu na vitu vya thamani. Ilisemwa pia kwamba vinazuia kijicho: jicho baya likifika, likutane na sahani kwanza.

Usiviangalie kwa mbali tu. Simama karibu na mwisho mmoja wa ukuta, uegemeze kichwa upande, utazame safu kwa mshazari. Mwanga wa kiwandani unaokuja kwa ubavu utainua kila mchongo. Tafuta alama za mkono wa fundi: mstari uliopinda kidogo, ua ambalo petali yake moja ni nene kuliko nyingine, mahali alipochonga lipu ikiwa bado mbichi na mahali ilipoanza kumkaukia. Linganisha ukubwa wa vidaka vya chini na vya juu, kisha rudi nyuma uone jinsi hilo linavyobadilisha urefu wa ukuta machoni pako. Mpe ukuta huu robo saa nzima, hata kama mwenzako amekwisha kwenda jikoni.

Kwa picha, zima flashi kabisa. Flashi hupiga kwa mbele na kufanya nakshi ionekane kama karatasi nyeupe. Egemea fremu ya mlango ili mkono usitetemeke, gusa kidaka chenye mwanga mwingi kwenye kioo cha simu, kisha punguza mwangaza kidogo. Piga kwa mshazari ule ule uliotumia kutazama. Omba ruhusa kabla, na usimpige mhudumu bila kumwuliza.

Ndani, nyumba ya kati na choo

Chumba kinachoitwa ndani kilikuwa cha mama wa nyumba. Inafaa kujua, ukiwa hapa, kwamba nyumba za mawe za Lamu zilifungamana sana na mabinti. Baba alijenga nyumba, au aliongeza ghorofa juu ya yake, kabla binti hajaolewa, na mume akaja kuishi kwa mke. Ndiyo sababu utaona mjini wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro kuunga nyumba mbili: njia ya familia kupanuka pasipo na kiwanja, na ya wanawake kwenda kwa ndugu zao bila kushuka njiani.

Nyumba ya kati, nyuma kabisa, ilihusika na kuzaliwa na kufa. Humo mzazi alijifungua na humo maiti aliandaliwa. Kiza chake kina maana, basi zungumza kwa sauti ya chini na uwazuie watoto wasikigeuze uwanja wa kujificha.

Chooni tazama birika la maji. Watu wa Lamu waliweka samaki wadogo ndani yake ili wale viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika walijengea bakuli la kaure. Maji yakipungua au birika likioshwa, samaki walibaki na maji yao bakulini. Muulize mhudumu akuoneshe bakuli lilipo. Wengi hupita bila kuinama. Na kama kuna samaki, usitie mkono majini, maana mafuta ya kujikinga na jua huwadhuru.

Jikoni

Jiko la nyumba hizi liko juu, kwenye paa, chini ya makuti, ili moshi na joto visishuke vyumbani na moto usifikie boriti. Ngazi ni nyembamba na vidato vyake havilingani, kwa hiyo panda mmoja mmoja, mkono mmoja ukiwa huru. Mzee mwenye magoti mabovu ni bora abaki kiwandani. Mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu, kinu, kata, chano na kawa ni vitu ambavyo msomaji wa pwani anavijua kwa bibi yake. Kwa watoto waliokulia mbali, Nairobi au Ughaibuni, hapa ndipo waachwe waulize maswali yao yote, na mkubwa aliyekuja nao ndiye awajibu.

Kuta na mikono

Sasa ule mkono karibu na ukuta. Chokaa hupumua: unyevu wa bahari huingia na kutoka. Jasho na mafuta ya viganja huziba uso wake, ukawa na weusi usiotoka kwa kuosha, na anayejaribu kuusugua huondoa nakshi pamoja nao. Begi la mgongoni ni baya zaidi, maana mwenyewe haoni linapokwangua. Livae kifuani tangu mlangoni.

Ukitaka kuona maana ya uhifadhi, linganisha ukuta wa nyumba hii na kuta za jirani zilizotengenezwa kwa saruji ya kisasa. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu, kwa hiyo maji ya chumvi yanayopanda kutoka ardhini hunaswa nyuma yake. Chumvi hukauka ikawa punje, punje hutanuka, na lipu hufutuka na kuanguka pamoja na uso wa jiwe. Vichwa vya boriti vilivyozama ukutani huoza bila mtu kujua, na siku moja dari huanguka. Fundi anayejua kazi hurudishia chokaa kwa chokaa. Mji wa Kale wa Lamu uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, lakini orodha haipaki chokaa. Kazi hiyo hugharimu pesa na ndiyo ambayo tiketi yako inachangia, kwa hiyo usitafute njia ya kuingia bure.

Baada ya hapo

Nyumba pekee inatosha kwa saa moja. Ngome iko karibu. Ujenzi wake ulianza 1813 na kumalizika 1821, na ilikuwa gereza hadi 1984. Posta ya Wajerumani, iliyofanya kazi kuanzia 1888 hadi 1891, haihitaji zaidi ya nusu saa. Ukiwa na siku ya pili, chagua magofu ya Takwa, kisiwani Manda, ambako utaziona kuta za mawe ya matumbawe bila paa na utaelewa jinsi zilivyojengwa kwa kuwa sasa unajua kilichokuwa juu yake. Mkondo wa kwenda Takwa unapita kwenye mikoko na hupitika maji yakiwa yamejaa tu. Mwulize nahodha saa ya kujaa kabla ya kulipa, na mkubaliane saa ya kurudi, la sivyo mtasubiri kwenye matope mpaka maji yarudi.